Kwa Nini Kwasasi? Ubaguzi wa Mazingira Ukitazamwa Kutoka Amu

Kila nikitaja ubaguzi wa mazingira, yaani uchafu na sumu kurundikwa kwa watu wa rangi au tabaka lililodharauliwa, mbele ya watu wa Amu, mji wa Lamu, swali linalorudi ni moja. Waliotaka kutujengea mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, bara ya Lamu, walikuja na kampuni ya Kikenya, na ofisi iliyowapa leseni ni ya serikali yetu wenyewe. Sasa ubaguzi wa rangi umeingilia mlango gani? Ami yangu mmoja, nahodha wa zamani, aliwahi kunikatiza maneno: "Mwanangu, hayo ni mambo ya Marekani. Sisi huku tunaonewa tu."

Ami ana haki ya kuuliza. Kazi yangu ni kuandaa na kuchambua ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, na nionavyo mimi ubaguzi wa aina hii si lazima utoke moyoni mwa mtu yeyote aliye hai leo. Unaweza kukaa kwenye makaratasi ya ardhi yaliyoandikwa na watu waliokufa zamani, ukaendelea kufanya kazi. Ukitaka kujua uchafu utapelekwa wapi, uliza ni nani asiye na hati, halafu uliza kwa nini hana.

Twende kwanza huko huko Marekani anakokusema ami. Mwaka 1982 jimbo la North Carolina lilikuwa na shehena ya udongo wenye PCB, kemikali za sumu zilizokuwa zikitumika kwenye transfoma, ambazo zilikuwa zimemwagwa kisirisiri kandokando ya barabara kwa mamia ya kilomita. Udongo huo ulitafutiwa mahali pa kufukiwa, na pakachaguliwa Warren County, penye wakazi wengi weusi na maskini. Maji ya chini ya ardhi pale hayakuwa mbali na uso wa ardhi. Kwa mtu wa fani yangu, hilo peke yake lilitosha kuikataa sehemu ile. Wakazi walilala barabarani kuyazuia malori, na zaidi ya watu 500 wakakamatwa. Benjamin Chavis, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa harakati zile, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuuita mchezo huo ubaguzi wa rangi wa kimazingira. Mwaka 1987 tume ya haki ya kanisa la United Church of Christ ikatoa utafiti wa nchi nzima: ukitaka kutabiri mahali penye vituo vya taka za sumu, rangi ya wakazi ilikuwa kigezo chenye nguvu kuliko hata kipato chao.

Kabla ya hapo, Houston, mwanasosholojia Robert Bullard alikuwa amekusanya ushahidi wa kesi iliyofunguliwa 1979 na mkewe, wakili. Weusi walikuwa kama robo tu ya wakazi wa jiji, lakini majalala yote matano ya manispaa yalikuwa kwenye mitaa yao, pamoja na matanuri sita kati ya manane ya kuchomea taka. Hata hivyo kesi ilishindwa. Kuonyesha mpangilio ni jambo moja, kumthibitishia hakimu kwamba kuna aliyekusudia ni jambo jingine kabisa.

Mfano ninaoupenda zaidi, ikiwa kitu kama hicho chaweza kupendwa, ni Louisiana. Kati ya Baton Rouge na New Orleans, kando ya mto Mississippi, kuna viwanda vya kemikali na mafuta zaidi ya 150. Vingi vimesimama juu ya ardhi iliyokuwa mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Watumwa walipoachwa huru walijenga vijiji vidogo pembezoni mwa mashamba yale yale. Miaka ilipita, mwenye shamba akauza ekari zake kwa kampuni, na jirani wa kiwanda akabaki kuwa mjukuu wa mtumwa. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walitamka wazi kwamba kinachofanyika pale ni ubaguzi wa kimazingira. Hakuna aliyehitaji kumchukia mtu mweusi ili kiwanda kijengwe hapo. Ilitosha kwamba shamba lilikuwa kubwa, bei nafuu, mto una kina, na majirani hawana sauti bungeni.

Sasa shukeni nami Malindi. Katika karne ya 19 Malindi ilikuwa ghala la nafaka, na waliolima walikuwa watumwa. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Mwenye ushahidi wa umiliki alidai akapewa hati. Aliyekuwa akilima shamba la bwana wake hakuwa na cha kudai. Wagiriama, waliokuwa na ardhi kwa mila na kwa ukoo, hawakuhesabiwa kuwa wamiliki. Ardhi isiyopata mdai ikawa ya Mfalme wa Uingereza, na uhuru ulipokuja ikageuka kuwa ya serikali. Vizazi vya watu hao ndio wanaoitwa maskwota hadi leo, juu ya makaburi ya babu zao.

Na viwanda vya chumvi viko wapi? Viko Magarini: Gongoni, Marereni, hadi Kurawa. Chumvi hutengenezwa kwa kuingiza maji ya bahari kwenye mabwawa mapana ili jua liyakaushe. Bwawa likikaa juu ya mchanga bila kuzibwa vizuri chini, maji makali hupenya hadi kwenye visima vya jirani. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikaa kuwasikiliza wakazi, ikachapisha ripoti yake mwaka 2006. Malalamiko yalikuwa ya kufukuzwa kwenye ardhi, visima kuharibika, mikoko kukatwa. Sheria inayowalinda wenye ardhi ipo, ila iliandikwa kwa aliye na karatasi.

Bara ya Lamu nayo ina yake. Wabajuni walikuwa na vijiji na mashamba huko mpaka vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vilipowakimbiza visiwani. Waliporudi kulima, wengi walirudi bila hati, juu ya ardhi iliyokuwa kwa jina la serikali. Kwa hiyo mtu akikaa Nairobi na ramani akitafuta mahali pa mradi mkubwa, upande huu anaouona ni mtupu. Simsim, mikorosho na malisho havionekani kwenye ramani ya namna hiyo.

Ndivyo tulivyofika Kwasasi. Mtambo ulikusudiwa kuwa wa megawati 1,050, na makaa yaanze kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Mji wetu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, hutoka upande ule ule kuja kwetu, na kwa miezi hiyo moshi ungeteremka nao kuelekea kisiwa cha Manda na Amu. Halafu kuna jivu. Watu hupenda kuzungumzia bomba la moshi kwa sababu linaonekana, lakini kinachonikosesha usingizi mimi kwenye makaa ya mawe ni lundo la jivu. Lina madini kama aseniki na zebaki, linakaa pale miaka baada ya mtambo kuzimwa, na pale lingekaa kando ya bahari, kwenye mikoko ambamo kamba na samaki wachanga hukulia.

NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ilitoa leseni Septemba 2016. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wakazi, pamoja na wakazi wengine wakakata rufaa kwenye mahakama maalumu ya mazingira, NET, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Watu wengi hudhani ilifutwa kwa sababu makaa ya mawe ni mabaya. Sababu kubwa ilikuwa nyingine: wananchi hawakuhusishwa ipasavyo. Mikutano iliyofanyika ilikuwa ya kutambulisha mradi tu, kabla utafiti haujafanywa. Matokeo yalipokuwa tayari, waliotarajiwa kuishi nayo hawakurudiwa.

Hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ninayoijua kwa macho. Kanuni za 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira, ile ya 17, zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo, atangaze gazetini na redioni kwa lugha inayoeleweka mahali hapo, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa tazama mkutano wenyewe. Hema limefungwa uwanja wa shule, viti vya plastiki, soda, na karatasi ya mahudhurio inayozungushwa kabla mtu hajasema neno. Umepangwa saa nne asubuhi, saa ya ofisini. Na ikiwa ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, saa nne ndiyo maji yanatoka. Wanawake wanaookota chaza na kutafuta pweza wako mwambani, maana bamvua haimngoji mtu. Mvuvi hajarudi. Waliokaa kwenye viti ni wazee wa mtaa, vijana wanaotarajia kibarua, na walioitwa na chifu. Ripoti ina mamia ya kurasa za Kiingereza, na aliyekuja kuieleza anatafsiri muhtasari papo hapo, akiruka majedwali. Mwezi mmoja baadaye, sahihi ya kunywa soda imekuwa kiambatisho kinachothibitisha kuwa umma umeridhia.

Mimi huchukua kalenda ya mwezi nikailinganisha na tarehe za mikutano kabla hata sijasoma sura ya kwanza ya ripoti. Hunieleza mengi.

Bandari ni kisa kingine, na niseme wazi kwamba siipingi bandari kwa kuwa bandari. Mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012. Uchimbaji wa mlango wa meli ulitibua maji, na njia ambazo mashua na mitumbwi ilipita kujikinga na kusi, upepo wa kutoka kusini, zikawa hazipitiki kama zamani. Mwenye chombo kidogo hawezi kuambiwa aende nje ya mwamba wakati wa kusi. Huko ni kumtuma akafe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wavuvi zilivunjwa, pamoja na haki ya utamaduni wao, ikaamuru walipwe Sh1.76 bilioni. Walengwa walikuwa zaidi ya 4,000. Ni hukumu kubwa. Hata hivyo fidia ya namna hii, popote inapotolewa, huanzia kwenye daftari la waliosajiliwa. Anayekaanga samaki sokoni, anayesuka malema ya kutegea samaki, anayeokota chaza kwa miguu, kumwingiza kwenye hesabu ni vita.

Tabianchi ndiyo inayofunga mahesabu haya yote pamoja. Bara zima la Afrika hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa duniani. Kenya peke yake haifiki hata asilimia moja. Lakini joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi ya Kiunga, kaskazini mwa Lamu, na mvua za El Nino za 2023 zilikata barabara ya Lamu na Garsen. Maji yetu ya kunywa hutegemea visima vya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo bahari ikipanda na mvua ikipungua huwa hatarini kuingiwa na chumvi. Hapa hoja ya ami inadhoofika kabisa. Waliochoma makaa ya mawe miaka 200 ndio hao hao waliotunga sheria ya 1908, na anayelipa ni yule yule aliyenyimwa hati.

Kikundi cha wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu watu wenye asili ya Afrika kiliandika juu ya uhusiano huo wa rangi na tabianchi kwa lugha yake ya kidiplomasia mwaka 2021. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Fedha zenyewe hutiririka kwa kudondoka, na hilo sitalirefusha.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni dawa inayoletwa kutibu tabianchi. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii. Tangu 1932 mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa serikali, kwa hiyo mkata boriti wa Matondoni au Pate hukata kwa kibali kitu ambacho babu yake alikata kwa haki. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, jiko lake lilizimika siku ile ile. Sasa biashara ya hewa ya ukaa, ambamo wanunuzi hulipia hewa inayofyonzwa na miti, inanyemelea. Gazi, kule Kwale, kijiji kinauza hewa ya ukaa ya mikoko yake kupitia mradi wa kijamii uitwao Mikoko Pamoja na kupata maji na vitabu vya shule, na ni mfano mzuri. Lakini mkataba wowote utakaoletwa Lamu uanze na swali la nani ameandikwa kuwa mwenye mikoko. Mradi wa kijani unaweza kumtoa mtu kwenye riziki yake vilevile kama ule mweusi.

Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliitupa rufaa ya kampuni ya makaa ya mawe, na leseni ikabaki imefutwa. Miradi mingine itakuja, na muda ni mfupi: rufaa dhidi ya leseni kwenye NET ina siku 60. Kwa hiyo ukisikia tetesi ya mradi usisubiri hema lifungwe. Andika barua ya kuomba ripoti. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kisha tafuta kiambatisho cha mahudhurio, usome majina, na uwaulize wenye majina kama walikuwepo.