Chungu cha udongo katika mchoro wa bustani: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Chungu humaanisha jambo moja tu, unyenyekevu wa binadamu aliyeumbwa kwa mavumbi.

Ukweli: Maana hiyo ipo, tena ni ya kale, Yeremia 18 yamfananisha Mungu na mfinyanzi. Lakini wanawake wa Athene ya kale walipanda letusi na shamari katika vyungu na magae, zichipue upesi na kunyauka juani, huku wakimlilia Adonis, kijana wa hadithi za Kigiriki aliyekufa mapema. Hapo chungu ni uhai mfupi. Katika bustani za matajiri wa Italia, mlimau chunguni ulikuwa fahari, kwa kuwa kila majira ya baridi ulihitaji watu wa kuuingiza ndani. Basi tazama kwanza kilichopandwa, ndipo usome chungu.

Dhana: Madoa meupe ni uchafu, yasichorwe.

Ukweli: Hayo ndiyo yanayosimulia umri wa chungu. Udongo uliochomwa bila kung'arishwa kwa tabaka la kioo hupitisha maji. Maji yakikauka juu ya ukuta, chumvi za maji na za mbolea hubaki nje kama unga. Upande wenye kivuli na unyevu huota ukijani. Chungu chenye madoa hayo ni chungu kinachomwagiliwa, yaani kuna mtu anayekitunza hata kama hayumo mchoroni. Kosa la kawaida ni kuyatawanya sawasawa kama nukta za kitambaa: yakusanye sehemu moja, kingo zake zififie. Kosa jingine ni kuweka mng'ao mkali mweupe ubavuni. Mng'ao huo ni wa chombo kilichong'arishwa, na hicho hakitoki chumvi ukutani, kwa hiyo alama mbili zinakanushana.

Dhana: Chungu kilichopasuka ni kifo.

Ukweli: Kikiwa kitupu, huenda. Mmea ukiendelea kumea kupitia ufa, ni ustahimilivu. Ila onyesha unene wa ukuta ndani ya ufa; mstari mmoja mwembamba huonekana kama uzi uliobandikwa juu yake.

Dhana: Rangi yake ni ya machungwa, kivuli ni cheusi.

Ukweli: Wekundu hutokana na chuma kilichomo udongoni. Changanya manjano ya udongo na kahawia nyekundu. Kivuli kipe buluu kidogo, kwani nyeusi huifanya rangi ife.

Dhana: Mdomo ni duara bapa, kitako ni mstari ulionyooka.

Ukweli: Chungu kilicho chini ya usawa wa macho, mkunjo wa kitako huwa mviringo zaidi kuliko wa mdomo. Ukiunyoosha, chungu huelea, na ule uzito wa udongo uliotaka kuusema hupotea.