Je, wajua juu ya nini dokta kijana anakuuliza "maji munavomaka wapi?"

Hapa Goma, Congo, watu wengi wanashangaaka. Umekimbiza mutoto hospitali anahara, unangojea dokta kijana aandike dawa mbio, kumbe yeye anaanza na maswali: munaishi kartiye gani, muko wangapi ndani ya nyumba, maji munavomaka wapi, baba anafanya kazi gani. Wamama wengine wanakasirika kabisa, eti huyu ni dokta ao ni polisi? Lakini hayo maswali amefundishwa, na iko sababu.

Tuchukue kolera juu hapa kwetu kila mutu anaijua. Mududu wake ni uleule, ukiwa kartiye ya Himbi kwa wenye franka ao ukiwa Majengo kwa wasio nayo. Dawa yake pia si ya ajabu, ni maji yenye chumvi na sukari, na serumu kwa ule amezidiwa, na wakiwahi kutibiwa, wanaokufa hawafike hata 1 kwa 100. Sasa kama mududu ni mumoja na dawa ni moja, juu ya nini kila mara ugonjwa unarudia kwa watu walewale?

Angalia chini ya miguu yako. Muji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano Nyiragongo, na ile lava ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya muji mpaka ikaingia ziwani. Jaribu kuchimba choo uone, unapiga chuma kidogo tu umefika kwa jiwe, shimo inabaki fupi na inajaa mbio. Ule mwenye franka anajenga choo ya simenti, anaweka sitene ya kukusanya maji ya mvua, na ikikauka anaita lori ya maji. Ule hana, nyumba nyingi zinagawana choo moja, na robine ikikauka mutoto anashuka ziwani na bidoni ya lita 20. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifika hapa kwa mamia ya maelfu, juu ya mawe haya haya ambapo hata kaburi ilikuwa nguvu kuchimba, na kwa mwezi wa kwanza tu walikufa karibu 50,000, wengi kwa kolera na kuhara. Na mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano, umeme na maji vilikatika muji muzima, tuliona wenyewe mistari ya bidoni ikishuka ziwani.

Basi nyumba, maji, kazi, shule, franka, vita, hayo yote njo madokta wanaita determinanti sosiali za afya. OMS, shirika la afya la dunia, ilifanya tume juu yake mwaka 2005, ikiongozwa na Michael Marmot wa Uingereza, na ripoti ikatoka 2008. Huyu Marmot alijulikana sana kwa utafiti wa wafanyakazi wa serikali pale London, wanaume wenye mushahara na ofisi, hakuna hata mumoja analala njaa, lakini wa cheo cha chini kabisa walikuwa wanakufa karibu mara 3 kuliko wakubwa, na kila ngazi ukipanda vifo vinapungua. Kwa hiyo si maneno ya maskini kabisa peke yao.

Na si jambo jipya! Mwaka 1848 dokta Rudolf Virchow, kijana wa miaka 26, alitumwa na serikali yake ya Prussia, Ujerumani ya zamani, kuangalia ugonjwa wa tifusi kule Silesia, akarudi na ripoti inayoomba shule, barabara na watu wajitawale. Fikiria sura ya wakubwa waliomutuma.

Sasa juu ya nini masomo ya udaktari iliacha hayo mambo ya maisha ya mugonjwa? Sababu moja kubwa ni ripoti ya Abraham Flexner ya 1910 kule Marekani, iliyosukuma shule za udaktari zisimame juu ya laboratware na kitanda cha hospitali. Ilisaidia, juu shule za uongo zilikuwa nyingi na zikafungwa. Lakini nyumba ya mugonjwa ikabaki inje ya darasa.

Leo hayo mambo yanarudi darasani, ila kufundisha kwake kuko namna na namna. Namna mbaya ni kozi moja ya mwanzo, mwanafunzi anakariri liste, anapita egzame, halafu akifika kwenye staje anaona wakubwa wake wanauliza homa na tumbo tu, naye anaacha. Mbaya zaidi, anatoka na kale kamaneno "hawa watu hawana usafi". Mimi hapo njo ninaona hatari, juu umemufundisha umaskini kama tabia ya mutu.

Namna nzuri ni kumupeleka mwanafunzi kwenye kartiye pamoja na relee komunotere, yule mama wa kujitolea kwa kazi ya afya anayejua kila avenii, na kumuambia aulize "juu ya nini" mpaka maswali iishe.

"Mama, maji ya kunywa munavomaka wapi?"
"Ziwani, mwanangu."
"Na robine?"
"Robine ilikauka. Ya kuuzisha iko, lakini bidoni moja ni franka, na mimi niko na watoto sita."
"Munachemshaka?"
"Na makala gani ya kuwasha moto?"

Hapo somo la usafi limekufa, mama anajua kila kitu, anakosa makala.

Mutu atasema dokta si REGIDESO, ile kampuni ya maji, afanye nini sasa? Jack Geiger, dokta aliyefanya kazi Mississippi kule Marekani miaka ya 1960, alikuwa anaandika chakula kwenye ordonansi ya watoto wenye utapiamlo, duka linatoa, famasi ya santre yake ya afya inalipa. Wakubwa walipolalamika akawajibu kwamba dawa ya utapiamlo ni chakula, vitabu njo vinasema hivyo. Hapa kwetu kitu rahisi ni kuandika avenii na mahali pa maji kwenye fishi ya kila mugonjwa, kama dokta John Snow alivyofuata mahali watu waliokufa na kolera waliishi kule London mwaka 1854 mpaka pompe moja ya maji ikajulikana. Fishi zikifika kwa mediseni shefu, dokta mukubwa wa zone ya afya, anajua wale watu wa kutia klore ya kuua mududu kwenye bidoni awasimamishe kando ya ziwa upande gani.