Kwa Nini Kitabu cha Utotoni Husomeka Tofauti Ukubwani?

Je, wajua kwamba mtu anayerudia hadithi ya ajabu aliyoipenda utotoni mara nyingi hukuta ndani yake mambo ambayo angeapa hayakuwamo? Desemba iliyopita nilipanda Kibosho, kama tufanyavyo wengi wenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, juu ya mji wa Moshi, na katika sanduku la bati la mama nikaikuta nakala yangu ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951, ikinuka moshi wa kuni.

Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Nilipokuwa mtoto sikuhitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa asubuhi nyingi nilikiona Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro chenye kimo cha mita 5,895, kimejitokeza juu ya mawingu yaliyofunika mlima wote wa chini, kana kwamba hakishikwi na ardhi. Huko ndiko nilikoiweka nchi hiyo. Safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nilizikumbuka vizuri. Nilichokuwa nimekisahau kabisa ni kwamba waliporudi walitupwa gerezani, na kwamba safari hizo zasimuliwa mahakamani na Karama, anayeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria.

Kumbukumbu haihifadhi maandishi kama kabati linavyohifadhi nguo. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1932, baada ya kuwasomesha Waingereza ngano ya wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini na kuwataka waisimulie tena baada ya muda. Mitumbwi ikageuka kuwa mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na mambo waliyoyaona mageni yakadondoka njiani. Msomaji huijenga hadithi upya kila anapoikumbuka, na huijenga kwa vifaa vya kwao. Mimi nilikuwa na mlima na mawingu. Mahakama sikuwa nimewahi kuingia.

Isitoshe, mtoto ambaye bado anahangaika na maneno magumu hutumia nguvu nyingi kuyatambua, akabakiwa na kidogo cha kuunganisha tukio la ukurasa huu na hoja iliyotangulia kurasa thelathini nyuma. Kwa hiyo hushika kile kinachosimama chenyewe, yaani safari na maajabu. Mtu mzima hushika uzi unaoyafunga, na kwangu uzi huo ulikuwa mzito: nilisoma nikijua kwamba Tanganyika ya mwaka 1951 ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na kila neno la Karama juu ya haki likaniingia kwa uzito ambao utotoni nisingeweza kuubeba.

Nakala yenyewe ilitoa ushahidi. Kurasa za safari zilikuwa zimelegea pembeni, moja ikiwa na doa la mafuta ya taa kutoka kwenye koroboi. Kurasa za hukumu zilikuwa bado ngumu, karibu kama mpya.

Jioni nilimsomea mpwa wangu wa darasa la nne mwanzo wa kitabu. Alinikatiza akauliza, «Mjomba, watu wa huko juu wanachota maji wapi?» Swali hilo nami niliwahi kuliuliza katika nyumba hiyohiyo. Safari hii, nilipokisoma kitabu peke yangu hadi mwisho, halikunijia hata mara moja.