Kabla ya Kupanda Shimba Hills: Majibu kwa Malalamiko ya Getini

Kila msimu wa likizo ukifika, malalamiko tunayopokea sisi wasimamizi wa hifadhi ya wanyamapori ya Shimba Hills kutoka geti la Kwale huwa yale yale. Mtu ametoka Mombasa na jamaa zake, amefika mlangoni akiwa na pesa taslimu mkononi na katoni ya maji ya chupa kwenye buti ya gari, halafu anaambiwa hapana mara mbili. Huyo akirudi nyumbani husimulia kwamba askari wa wanyamapori wana kiburi. Tunaelewa uchungu wa kurudishwa na watoto wakiwa garini. Hata hivyo, mambo haya mawili si mapya, na hakuna afisa wa getini mwenye mamlaka ya kuyalegeza.

Tuanze na malipo. Ada ya kuingia hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa simu au kwa kadi ya benki. Fungua akaunti ukiwa nyumbani, chagua hifadhi ya Shimba Hills na tarehe ya safari, kisha jaza idadi ya watu wazima na watoto kila kundi mahali pake. Lipa, na uhifadhi risiti kwenye simu. Kiwango utakachokiona kwenye mfumo siku unayolipa ndicho cha kufuata, wala si kile alicholipa binamu yako mwaka juzi. Raia wa Kenya hana budi kuja na kitambulisho chake cha taifa, kwa sababu bila hicho afisa hana msingi wa kukutoza ada ya raia. Anayelipa ada ya raia ilhali si raia ataombwa aongeze tofauti papo hapo, na hapo ndipo foleni inapokwama.

Jambo la pili ni plastiki. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi zote za Kenya: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija. Mifuko ya plastiki ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 2 wala kuzidi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Njoo na chupa ya chuma au ile ngumu ya kujazwa tena. Chakula kifunge kwenye kontena la kurudi nalo nyumbani. Kusema kwamba utaondoka na takataka zako hakuondoi kosa, kwa maana kilichokatazwa ni kuingiza.

Sasa tuje kwa wanaotaka kutembea kwa miguu, maana ndiko kwenye dhana potofu nyingi zaidi. Wengi huja wakidhani Shimba ni kilima cha mazoezi, kwamba ukishalipa unashika njia yoyote unayoipenda. Sivyo. Hii ni hifadhi yenye tembo, nyati na chui, na kutembea kwa miguu ni pale tu palipotengwa, tena ukiwa na askari mwenye silaha. Njia inayojulikana zaidi ni ile ya kuteremka msituni hadi maporomoko ya Sheldrick, ambako maji huanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita 20 na kujikusanya kwenye dimbwi. Kwenda ni mteremko. Kurudi ni kupanda, kwenye joto na unyevu wa pwani, na wanaokuja na ndala hujuta wakiwa katikati ya njia. Vaa viatu vilivyofungwa na nguo za rangi hafifu. Kwale kuna mbung'o, na wadudu hao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Kuna wanaodai kwamba askari ni njia ya kuwaongezea wageni gharama. Dai hili linasikitisha. Katika msitu mnene wa Shimba tembo anaweza kusimama hatua chache kutoka njiani usimwone, kwa kuwa husimama kimya kabisa. Askari humtambua kwa harufu, kwa kinyesi kibichi, kwa tawi lililovunjwa ambalo utomvu wake haujakauka. Akiinua mkono, simameni na mnyamaze. Akisema turudi, rudini polepole mkiwa pamoja, bila mtu kubaki nyuma apige picha.

Wapo pia wanaosema tembo walikwisha kuhamishwa. Kweli, mwaka 2005 tembo wapatao 150 walipelekwa Tsavo Mashariki, kwa sababu idadi yao ilikuwa imezidi uwezo wa msitu na mashamba ya jirani yalikuwa yakiharibiwa. Waliobaki ni wengi. Huvuka kati ya Shimba na Mwaluganje, hifadhi iliyoanzishwa miaka ya 1990 kwenye ardhi ya wenyeji, Waduruma na Wadigo, waliokubali kuacha kulima ili tembo wapite. Wanaowaita tembo wa Shimba kero za serikali wangefaa kwanza wawasikilize wenye ardhi hiyo.

Adhabu ya kuingia bila kibali imeelezwa katika kifungu cha 102 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013: faini isiyopungua shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua miaka 2, au vyote viwili. Kifungu hicho hicho kinahusu kuwasha moto, kukata miti na kulima ndani ya hifadhi. Tunaulizwa kwa nini sisi huchoma nyasi na mgeni akatazwe kuwasha jiko. Uchomaji wetu hupangwa kwa eneo, kwa msimu na kwa kuangalia upepo, ili vichaka visimeze mbuga na majani machanga yachipuke kwa ajili ya palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda.

Palahala ndiye anayepaswa kuwaleta Wakenya hapa kwa wingi. Hapa Kenya, kundi lake la porini liko Shimba Hills tu. Dume ni mweusi anayeng'aa, tumbo jeupe, uso wenye michirizi myeupe, na pembe ndefu zilizopinda kurudi mgongoni. Jike ni wa kahawia. Wataalamu waliipa aina hii ndogo ya mashariki jina la Roosevelt, kwa kuwa kielelezo chake kilipatikana hapa wakati wa safari ya rais huyo mstaafu wa Marekani na mwanawe Kermit mwaka 1909. Wakati wa kuwatafuta ni asubuhi na mapema, ukiwa ndani ya gari, kwenye nyasi za wazi. Usishuke.

Wenye subira wasiishie kwa wanyama wakubwa. Kwenye madimbwi ya msitu huu kuna chura mdogo mweusi mwenye michirizi myekundu iliyojipinda mithili ya minyoo. Makazi yake ni Shimba na viunga vyake tu, na msitu huu ukiisha naye amekwisha. Juu ya miti kuna mbega weusi wenye mabega meupe, na chini kwenye majani makavu sange hupekua wadudu kwa pua yake ndefu. Chemchemi za Marere, zinazopeleka maji hadi Mombasa, zinatoka kwenye kilima hiki hiki. Mkazi wa mjini asiyewahi kufika Shimba huenda tayari ameinywa.

Kuhusu historia: watu husema msitu huu ni wa serikali, kana kwamba ulianza na tangazo. Ulitangazwa msitu wa taifa mwaka 1903, mbuga za nyasi zikaongezwa mwaka 1924, na mwaka 1968 sehemu kubwa ikawa hifadhi ya wanyamapori. Ndiyo sababu utakutana na maafisa wa misitu na wa wanyamapori pia. Lakini kabla ya tarehe hizo kulikuwa na makaya. Mijikenda walijenga vijiji vyao vilivyozungushiwa ngome ndani ya misitu ya vilimani, njia zikiwa chache na zenye milango, moro katikati kwa ajili ya baraza la wazee, na fingo, yaani kinga ya kimila, likiwa limezikwa kulinda mji. Ndani ya Shimba ipo Kaya Longomwagandi ya Wadigo. Watu walipohamia nje, wazee waliendelea kukataza kukata miti kwenye kaya, na katazo hilo limehifadhi miti ambayo pengine isingekuwepo leo. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Kwa hiyo tunaomba, na hapa tunaomba kwa dhati, tuache kuita kaya mahali pa uchawi. Ni mahali pa ibada, makaburi na maamuzi ya jamii. Haiingiwi bila idhini ya wazee, hata kama tiketi ya hifadhi unayo. Anayetaka kuijua kaya kwa utaratibu aende Kaya Kinondo, Diani, ambako wenyeji hupokea wageni: utafungwa kaniki, utaongozwa na mwenyeji, na picha utapiga pale unaporuhusiwa. Mizizi na magome ya dawa hayachukuliwi, hata kipande.

Mwisho, ukiwa njiani ukaona kitanzi cha waya kilichotegwa kwa ajili ya paa au funo, usikiguse wala usikitegue mwenyewe. Mwonyeshe askari aliye nawe. Atakipiga picha, atanakili mahali kilipo na saa, kisha ndipo atakiondoa, kwa kuwa kitanzi ni ushahidi, na kikishang'olewa na mgeni kesi inakosa miguu mahakamani.