Msuli ukishaondoka, unauotesha vipi?

Kila nikisema natengeneza viunzi vya msuli, yaani vishikizo vya kuweka kwenye pengo ili msuli mpya uote juu yake, watu hapa Kampala wananiuliza kitu kilekile, ati mbona ukijikata na kisu nyama inajirudi yenyewe lakini kijana wa boda aliyeburuzwa kwenye lami paja limebaki na bonde mpaka leo?

Tatizo ni kiasi. Msuli una seli zake za akiba, zinaitwa seli za setilaiti, mwanasayansi Alexander Mauro ndo alizieleza mwaka 1961, ukiumia kidogo zinaamka, zinagawanyika, zinaungana kuwa nyuzi mpya na wewe unasahau kabisa. Lakini ikiondoka nyama nyingi kwa mpigo, tuseme asilimia 20 ya msuli au zaidi, seli hazina tena pa kushika maana hata ule utando uliokuwa unazielekeza umekwenda, basi mwili unaziba pengo kwa kovu. Na kovu halivuti.

Hapo ndo kiunzi kinaingia. Wanaolima maharage yanayotambaa juu ya miti kule Kabale watanielewa haraka, unachomeka mti ili mmea upate pa kushika, ila mti wetu sisi lazima uishe taratibu ndani ya mwili na kwa kasi inayolingana na msuli unavyoota.

Kuna wanaofuma nyuzi nyembamba sana kwa umeme mkali. Mimi napenda zaidi kuosha kitu cha mnyama: unachukua kibofu au utumbo mwembamba wa nguruwe (wateja wa nguruwe kule Wandegeya msicheke), unakwangua, unasuuza na dawa mpaka seli zote zitoke, inabaki karatasi nyeupe inayopitisha mwanga, inateleza mkononi lakini ukiivuta inagoma. Hiyo kwa sehemu kubwa ni kolajeni, protini inayoshikilia nyama pamoja. Waislamu wananiuliza na wana haki kabisa kuuliza, mgonjwa aambiwe mapema imetoka wapi, kolajeni ya ng'ombe nayo ipo.

Sasa mwelekeo. Ukimwaga seli juu ya kiunzi kisicho na mistari zinalala ovyo, kila moja na upande wake, zinaungana ndio lakini nguvu zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Ukiweka mifereji midogo zinajipanga upande mmoja. Ugumu nao unahesabika, seli za msuli zinakomaa vizuri kwenye kitu laini cha kama kilopaskali 12 (kilopaskali ndo kipimo chetu cha ugumu), wakati sahani ya plastiki ya maabara ni ngumu mno kuliko hapo. Halafu oksijeni, seli ikikaa mbali na mshipa wa damu zaidi ya milimita 0.2 hivi inakufa, ndo maana vipande vinene bado vinatushinda.

Mwaka 2014 timu ya mtafiti Stephen Badylak kule Pittsburgh, Marekani, ilitoa matokeo ya wagonjwa watano waliowekewa kiunzi cha kibofu cha nguruwe, watatu wakaongeza nguvu. Watu wanashika hiyo ya nguruwe wanaacha utamu wenyewe: kabla ya upasuaji wagonjwa walifanyishwa fizio, yaani mazoezi ya tiba, mpaka nguvu ikagoma kupanda, na baada ya upasuaji walirudishwa kwenye mazoezi ndani ya siku moja au mbili. Seli zinahitaji kuvutwa ndo zijue ni msuli. Kwa hiyo mtu akiniuliza hospitali inunue kiunzi gani, mimi namuuliza kwanza wana wataalamu wa fizio wangapi, na huyo mgonjwa wa kutoka Masaka nauli ya kurudi kila wiki anailipa nani.