Obama hakuibukia Boston

Nimesikia tena redioni kwamba Barack Obama aliibuka ghafla Boston mwaka 2004, kwa hotuba moja tu kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Kwangu mimi ninayefundisha siasa za majimbo ya Marekani, hili limevuka mpaka. Siku anapanda jukwaa lile bado alikuwa seneta katika bunge la jimbo la Illinois, si la taifa, kazi aliyoianza Springfield, makao makuu ya jimbo hilo, Januari 1997, huku akifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago.

Alivyoingia ni hadithi fupi: watu wake walizikagua saini za wadhamini wa wapinzani, zikapungua, wapinzani wakaenguliwa, kura ya mchujo ya 1996 akabaki peke yake. Halali kabisa. Ila kwa mtu aliyejijengea jina kwa kuandikisha wapiga kura, mimi bado inanikaa vibaya.

Kisha huja lile swali: sasa miaka sita ya mwanzo alifanya nini? Jamani! Chama chake cha Democratic kilikuwa cha wachache. Katika Seneti ya Illinois ya wakati huo miswada ilipitia kamati ya kanuni, na kamati hiyo ilikuwa mfukoni mwa rais wa Seneti, yaani kiongozi wake. Asipoutaka mswada wako, haukujadiliwa, haukupingwa, haukupigiwa kura. Ulifia humo kimyakimya. Hata hivyo mwaka 1998 alifanikiwa kupitisha sheria ya kubana zawadi kwa wanasiasa, kwa sababu alikubali kufanya kazi na Warepublican. Jioni alikuwa akicheza nao karata.

Mnataka kujua kilichofungua mlango? Kofia. Illinois, vyama vikikwama kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi, mjumbe wa kuvunja sare hupatikana kwa bahati nasibu. Mwaka 2001 jina lilichomolewa kwenye kofia ndefu iliyotengenezwa kuiga ya Rais Abraham Lincoln, likatoka la Democratic. Wakachora ramani wanayoitaka, wakashinda Seneti mwaka 2002, na Januari 2003 Emil Jones, Mdemocrat aliyekuwa mlezi wa Obama kisiasa, akawa rais wake. Obama akapewa kamati ya afya, na miswada ikaanza kutembea. Mwaka huohuo Illinois ikawa jimbo la kwanza kuwalazimisha polisi, kwa sheria iliyotungwa na bunge, kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi waliikataa mwanzoni. Akakaa nao kifungu kwa kifungu mpaka ikapita Seneti bila kura hata moja ya kupinga.

Ramani ileile ilimwongezea mitaa ya matajiri wa Chicago, na fedha za kampeni hazioti porini. Mwaka 2000, kabla ya hayo yote, alijaribu kuruka kwenda Washington, kwenye Bunge la taifa, na Bobby Rush, mbunge aliyekishikilia kiti hicho, akambwaga katika mchujo wa chama kwa takriban kura mbili kwa moja.

Shaka yangu iko kwa Jones. Baadhi ya miswada aliyomkabidhi Obama wengine walishaihangaikia kwa miaka. Ipi ni kazi ya Obama na ipi ni hisani ya mlezi wake, nimeshindwa kutenganisha, na wanaodai wameweza siwaamini.