Je, wajua? Ufunguo wa siri haupiti kwenye waya

Kwa miaka mingi niliamini kwamba programu ikianza kusimba mawasiliano, yaani kuyageuza yasisomeke na wengine, kwanza hutuma ufunguo wa kuyafungulia. Basi niliona ni kazi bure: aliyetega sikio tangu mwanzo, iwe kwenye Wi-Fi ya mkahawa hapa Mombasa au kwenye TEAMS, kebo ya intaneti ya chini ya bahari iliyotufikia mwaka 2009 kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, angeudaka na kusoma yote. Wengine hudhani ufunguo huo ndio paswadi ya Wi-Fi. Sio. Paswadi ile hulinda hewa iliyo kati ya simu na kile kisanduku cha ukutani. Data ikishatoka hapo, paswadi haina kazi tena.

Ufunguo hautumwi kabisa. Kila upande huupika kwake, na wote hupata uleule. Whitfield Diffie na Martin Hellman waliichapisha njia hiyo mwaka 1976.

Tuseme simu yako iko Likoni na inaongea na seva ya benki. Hadharani zinakubaliana namba 2 na 13. Simu inachagua siri yake, 4: inazidisha 2 nne (2×2×2×2), inapata 16, inagawa kwa 13, baki 3. Inatuma 3. Siri ya seva ni 5: 2 tano zikizidishwa ni 32, baki 6. Inatuma 6. Sasa simu inazidisha 6 nne: 1,296, baki 9. Seva inazidisha 3 tano: 243, baki 9. Tisa kwa tisa, na hiyo 9, ambayo ndiyo ufunguo, haikupita popote!

Msikilizaji ameona 2, 13, 3 na 6 tu. Ni kama bizari ya pilau: kusaga jira, iliki na mdalasini pamoja ni rahisi, kuzitenga ndio mtihani. Kwa 13 atajaribu zote na kupata. Namba halisi za njia hii huwa na tarakimu mia kadhaa. Hata hivyo, hakuna aliyethibitisha kihesabu kwamba njia ya mkato haipo. Kwa kompyuta za kawaida, haijapatikana tu.

Mtaalamu wa kompyuta Tatu Ylönen wa Helsinki, Finland, alipoandika SSH, programu ya kuingia kwa usalama kwenye kompyuta iliyo mbali, mwaka 1995, baada ya paswadi kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, alikumbana na swali jingine: nani hasa yuko upande wa pili? Hesabu hii hailijibu. Mwizi akikaa katikati anaweza kupika 9 yake na simu, na nyingine na seva. Ndiyo maana seva ya benki huonyesha cheti cha kidijitali kilichotiwa saini na mamlaka ambayo simu inaiamini, na simu hukikagua kabla ya kutuma PIN yako.